Kikundi: Zamu za Baba

Rehema (1:05 usiku): Shikamooni wakubwa. Daktari ameeleza kwamba macho ya Baba ni mazima. Kiharusi kiliharibu sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, upande wa kulia, ambayo hupokea picha za upande wa kushoto kutoka macho yote mawili, kwa hiyo miwani mipya haitamfaa. Kila mmoja ataje siku yake ya kumsimamia mazoezi.

Hamisi: Mimi nilidhani ni jicho la kushoto tu.

Rehema: Hata ukimziba jicho lolote, nusu ya kushoto haionekani. Jana alikuwa akianza kila mstari wa gazeti katikati, kisha akalalamika kwamba waandishi wa siku hizi hawaeleweki.

Hamisi: Hata sisi tunaoanza mwanzoni hatuwaelewi.

Rehema: Hamisi, nazungumzia zamu. Binadamu huona vizuri kabisa eneo dogo tu la katikati, yapata upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa, ndiyo maana macho yetu huruka kama mara 3 kwa sekunde kutafuta la kutazama. Upande asiouona Baba hauyaiti macho yake, hivyo inabidi ayapeleke huko kwa makusudi mpaka azoee. Tunamwekea rula nyekundu mwanzo wa mistari. Akishaiona, ndipo asome.

Zuhura (4:20 usiku): Nimesoma sasa hivi. Sitaachwa peke yangu tena kama wakati wa Mama, wengine mkituma pole kwa simu.

Rehema: Dada, hayo tuliyamaliza.

Zuhura: Mliyamaliza ninyi.

Hamisi: Na gari je? Leo ameniomba funguo, akaapa kwamba barabara yote anaiona.

Rehema: Anaapa kwa dhati, kwa sababu ubongo haumwonyeshi giza mahali palipokosekana. Hata sisi wazima tuna doa lisiloona, pale neva inapotokea nyuma ya jicho, na hakuna kati yetu anayeona tundu.

Shangazi Mkubwa: Marahaba, wanangu. Huyo ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Funguo ziletwe kwangu kesho asubuhi, nami nitamwambia mwenyewe. Na Zuhura asipewe zamu mbili.

Hamisi: Tumesikia, Shangazi.

Rehema: Ahsante, Shangazi. Jumatatu ni yangu, Jumatano ni ya Hamisi. Ijumaa je?

Mustafa (3:40 asubuhi): Samahani, simu ilizimika. Ijumaa nitajaribu, ila msinitegemee sana.

Rehema: Nimekuandika. Jumapili bado haina mtu.