Kadi za e-Reader za Mario: nahitaji nini ili zisomeke?

KekoJuu
Wakuu, heshima kwenu. Shemeji yangu aliyeko Houston kanitumia Game Boy Advance SP (mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo), kaseti ya Super Mario Advance 4 na pakiti ya kadi za Mario. Pembeni mwa kila kadi kuna mstari wa kijivu. Ukiusogeza karibu na jicho unaona ni vidoti vidogo mno. Anasema zinafungua levo za ziada. Nimezipiga kwa kamera ya simu, kimya. Kuna kifaa kinaitwa e-Reader naona kinauzwa mtandaoni, na bei imechangamka. Ninunue? Niko Dar.

fundi_waya
Mkuu, kabla ya kadi geuza hiyo chaja usome mgongoni. Chaja za SP za Marekani zimeandikwa volti 120, soketi zetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja unaiunguza. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, au chaja ya Nintendo DS ile ya kwanza kabisa ya soko la Ulaya. Tundu ni lile lile.

MamaGemu
KekoJuu, mdogo wangu, usitoe hela bado. Kadi hizi nazikusanya tangu nihamie Minneapolis, na swali lako linanigusa.

e-Reader ilitoka Japani mwishoni mwa 2001, Marekani ikafika 2002. Unaichomeka pale panapokaa kaseti, halafu unapitisha kadi kwenye mfereji wake kwa mwendo mmoja, bila kusitasita katikati. Sasa tatizo lako ndilo hilo: imekaa mahali pa kaseti, Mario atakaa wapi? Kwa hiyo zinatakiwa Game Boy Advance mbili. Moja ina Mario, ya pili ina e-Reader, katikati kebo ya kuunganishia. Kadi inasomwa upande huu, levo inapita kwenye kebo na kuhifadhiwa kwenye kaseti ya Mario. Kaseti inabeba levo 32, na iliyokwisha kuingia unaicheza hata kadi ikiwa kabatini.

Ninachotaka ukielewe ni hiki: levo yenyewe imechapwa kwenye kadi. Mabomba, matofali, maadui, vyote viko ndani ya vile vidoti. Mstari mrefu mmoja unabeba kama kilobaiti 2.2 tu, na humo watu walipanga uwanja mzima wa kuchezea! Gemu ya zamani ya Excitebike iliuzwa hivyo hivyo, kamili, kwenye kadi 5 zenye mistari 10. Linganisha na ile kadi ya Eon Ticket ya gemu za Pokémon Ruby na Sapphire: kisiwa inachokufungulia tayari kimo kwenye kaseti, kadi inakupa tiketi ya kwenda. Ile ni ufunguo. Ya Mario ni mlango pamoja na nyumba.

Ndiyo maana nakuomba uzitunze. Joto la Dar na unyevu wa baharini vinakunja karatasi. Kila kadi iingie kwenye kava lake la plastiki, zote ndani ya kopo linalofunga vizuri, na utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tafadhali usizipige laminesheni, zitanenepa na hazitapita kwenye mfereji.

DodoLaTanga
Kwa nini ateseke hivyo? Levo hizo zote zipo kwenye Switch, mashine nyingine ya gemu ya Nintendo. Alipie huduma acheze.

MamaGemu
Ni kweli kabisa, Dodo. Tangu Februari 2023 gemu hiyo ipo kwenye Switch Online ile ya kifurushi cha juu, pamoja na levo zote 38, zikiwemo ambazo kadi zake hazikuwahi kuuzwa Marekani. Nilifurahi sana siku ile, maana zilikuwa zinapotea. Kuna levo unavaa joho la kurukia, nyingine unang'oa mboga na kuwatupia maadui, vitu ambavyo Mario 3 ya asili, ile ambayo Advance 4 imetokana nayo, haikuwa navyo. Mwenye Switch azicheze huko. KekoJuu hajasema ana Switch, na kadi anazo mkononi.

KekoJuu
Asante sana dada. Switch sina. Ila nimempigia shemeji, anasema ana Game Boy Advance ya pili, ya zambarau, atanipa akija Desemba. Nimwambie atafute e-Reader huko huko?

MamaGemu
Mwambie. Iwe ya Marekani, kama kadi zako. Ya Kijapani itazikataa. Kebo asisahau, iwe ya Game Boy Advance hasa. Na asilipe kabla muuzaji hajamwonyesha video ikisoma kadi mwanzo hadi mwisho, kwa sababu taa ikiwaka tu haimaanishi lenzi ni nzima. Ukishapata, andika hapa majina ya kadi ulizonazo nikwambie zipi ni za levo na zipi zinampa Mario nguvu tu.