IST, Passo au Vitz: ipi inamfaa mwenye mfuko mdogo?

Mwana wa Mwisho:
Wakuu habari za mchana. Nimechoka kugombania daladala, nimejikusanya, sasa nataka gari yangu ya kwanza. Kichwani nina tatu, zote Toyota: IST old model, Passo na Vitz. Nataka isiyokula mafuta na isiyonipeleka gereji kila mwezi. Nichukue ipi? Dalali anasubiri jibu Jumamosi.

Kimbiji Boy:
Mkuu umekuja kama uko kwa mganga, unataka tupige ramli. Una shilingi ngapi? Unakaa wapi? Gari ya mkononi au unaagiza Japani? Una familia? Jaza hayo kwanza ndo tuongee.

Shangazi wa Tegeta:
IST. Funga uzi.

Mzee wa Spana:
IST old model zenyewe si moja, watu wanachanganya. NCP60 ina injini ya 2NZ, cc 1300. NCP61 ni 1NZ, cc 1500. Hiyo 1NZ ndiyo imo kwenye Raum, Spacio, Fielder, Premio na Allion za cc 1500, kwa hiyo spea unachagua mwenyewe: mpya, used ya Japani, hata ya gari lililochinjwa. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Oili ukibadilisha kwa wakati itakuzoea mpaka uichoke wewe.
Passo ndogo ni 1KR, cc 996, pistoni tatu. Vitz za cc 1000 kuanzia 2005 nazo zimefungiwa hiyo hiyo. Injini si mbaya hata kidogo, ila mauntingi, zile raba zinazoshika injini, zikichoka, ukisimama kwenye foleni gari inatetemeka hadi kioo cha pembeni.

Pisi ya Kibaha:
Mnaisema sana Passo. Mimi ninayo, barabara ikiwa nyeupe lita moja inanipa kama kilomita 16, foleni ikikaza inashuka kwenye 12 hivi. Zile namba za matangazo ya Japani msizisome kabisa, wao hawakupima kwa AC ya Dar na foleni ya Kimara. Lawama yangu ni moja: watu wanne na mizigo, ukifika mlima wa Kitonga zima AC, kaa kushoto, waachie malori njia.

Kimbiji Boy:
Unaachia MALORI njia??

Pisi ya Kibaha:
Yakiwa matupu.

Mwana wa Mwisho:
Samahani wakuu, nilibanwa kazini. Bajeti ni milioni 10, ikibidi 11. Nakaa Goba, kazi Posta. Mke na watoto wawili. Nataka ya mkononi, lakini kuna jamaa kaniambia niagize Passo maana kodi yake ni ndogo. Kweli?

Mzee wa Spana:
Goba! Hilo ndilo la kuanza nalo bwana. Kama njia ya kwako haina lami, mvua ya masika ikichimba makorongo Passo utaipasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.
Kuhusu kodi, jamaa kakupa nusu. Chini ya cc 1000 hulipi ule ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, wakati cc 1000 hadi 2000 ni 5%. Sasa gari ikizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu, 30%. Ingia kikokotoo cha TRA uweke mwaka na modeli, halafu rudi hapa utuambie hiyo 10 yako inafika wapi.

Rongai Finest:
Huku kwetu Kenya gari likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, kwa hivyo hizo IST zenu tulishazisahau. Mbona hakuna anayetaja Demio? Ni nyepesi, mafuta inanusa tu.

Shangazi wa Tegeta:
Demio siku utakayotaka kuiuza ndiyo utajua. IST unaitangaza asubuhi, mchana iko kwa mwenyewe.

Baba Zawadi:
Ngoja niseme la CVT, ile gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za kupanda moja moja, maana lilinila hela. Jina la gari silitaji, wenye nazo mtanivamia. Dashibodi ilisoma kilomita elfu 68, dalali anaapa kwa mama yake. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa. Kilomita elfu 68 zinakula raba hivyo? Bei ilikuwa tamu, nikachukua.
Nikaipeleka gereji moja "ya uhakika" wabadilishe oili ya gia boksi. Wiki haijaisha, napanda mlima, injini inapiga kelele, mshale wa RPM unakimbia, gari haiendi. Nyuma honi kama harusi. Ikavutwa. Gereji wakasema gia boksi ilikuja mbovu. Siku natoa tairi ya spea nikakuta kopo lao chini yake: ATF ya kawaida, oili ya otomatiki za gia. Kwenye CVT! Niliporudi nalo, yule fundi "amehamia Mwanza". Gia boksi used, mkono wa fundi, na mwezi mzima wa bodaboda.

Mzee wa Spana:
Pole sana. Na hapo ndipo IST inapowashinda wenzake: old model haina CVT, ni otomatiki ya gia nne. Passo ya 2004 hadi 2010 pia gia nne. Vitz ya cc 1000 niliyoitaja ndiyo CVT. Mwana wa Mwisho, ukienda kukagua, ifike injini ikiwa ya baridi. Ukiikuta imeshachemshwa, jua kuna kitu dalali hataki ukisikie.

Chuma cha Mbagala:
Mnahangaika na petroli bado? Chukua IST, funga gesi, maisha yaendelee. Bei ya mafuta ya EWURA ya Jumatano ya kwanza ya mwezi naisoma kama habari za Ulaya.

Pisi ya Kibaha:
Mtungi unakula buti yote. Watoto wawili, mabegi yao utafunga juu? Na saa unazolala kwenye foleni ya gesi pale Ubungo hujazihesabu.

Chuma cha Mbagala:
Najaza saa tisa usiku, hakuna mtu.

Pisi ya Kibaha:
Hapo sasa, mke wa mtu aambiwe nini?

Mwana wa Mwisho:
Wakuu, dalali kanitumia picha za Raum, namba D, milioni 9 na nusu. Milango ya nyuma ya kuvuta, wife kaipenda. Mnasemaje?

Shangazi wa Tegeta:
IST.

Mzee wa Spana:
Injini ni ile ile 1NZ, sina neno. Ila ule upande wa kushoto hauna nguzo katikati, kama imewahi kugongwa hapo mlango haufungi sawasawa tena. Ufungue na kuufunga mara kadhaa, sikiliza.

Kimbiji Boy:
Kesho huyu anakuja na Noah.

Chuma cha Mbagala:
Noah nayo inafungwa gesi.

Pisi ya Kibaha:
Baba Zawadi, hiyo gia boksi ulipata Ilala au uliagiza? Shemeji yangu gari lake limeanza kuteleza vilevile.