Traki 11 zikicheza pamoja sauti inakwaruza: nishushe, niweke limita, au niongeze bafa?

Mwana Ngamiani:
Wakuu salaam. Namiksi taarabu tuliyorekodi hapa Ngamiani, Tanga: kinanda, gitaa, besi, dumbaki, mwimbaji, waitikiaji. Kila traki peke yake ni safi kabisa. Zikicheza zote, kwenye kiitikio inakwaruza kama spika imechanika. Nimeambiwa njia hizo tatu: nishushe sauti za traki, niweke limita (kizuizi cha sauti isivuke kiwango), au niongeze bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza). Bibi harusi anausubiri Ijumaa, nianze na ipi?

Fundi wa Chumbageni:
Jua ugonjwa kwanza, mkuu. Rudia kipande hicho mara tatu. Mkwaruzo ukihamahama, kompyuta inashindwa kuleta sauti kwa wakati. Hapo ndipo bafa inasaidia, toka sampuli 128 nenda 512 au 1024. Sauti itachelewa kidogo, ila hilo humsumbua anayerekodi huku anajisikiliza, si anayemiksi. Ukirudi palepale kila mara, sauti zimejaa kupita kiwango.

Mwana Ngamiani:
Palepale, waitikiaji wakiingia tu. Na taa ya masta, pale traki zote zinapojumlishwa, inawaka nyekundu.

Binti Pangani:
Basi bafa achana nayo. Kumiksi ni kujumlisha namba, na faili la biti 16 halipokei zaidi ya 32,767. Traki mbili za wimbi moja zikijumlishwa hupanda desibeli 6 hivi. Kikomo hicho ndicho mita inakiita desibeli sufuri; kilichokivuka kinakatwa kichwa, ndio huo mkwaruzo. Kamata traki zote, zishushe pamoja desibeli 8 au 10, uwiano wake usiuguse. Wimbo ukiwa mdogo masikioni, ongeza spika.

Fundi wa Chumbageni:
Dada yuko sahihi, ingawa kwenye programu kama Reaper, inayopiga hesabu kwa desimali ndani bila kukata kwenye kikomo hicho, hata kushusha masta pekee kungetosha. Mimi bado nashusha traki, maana baadhi ya efekti ukizilisha sauti kubwa nazo zinakwaruza.

Mpenzi wa Kodiani:
Limita ni nzuri, ila iwe ya mwisho. Nimesikia taarabu zilizobanwa hadi dumbaki imebaki kama mtu anagonga meza, na mwendo wote wa taarabu uko pale! Iache ishike desibeli 2 au 3 tu, dari lake liwe desibeli -1.

Mwana Ngamiani:
Nimeshusha zote desibeli 9, masta inagota -5 na kiitikio ni safi. Mungu awabariki. Limita naigusa kesho asubuhi, masikio yakishapumzika.