Spoila ya mbele: ya kujitoa yenyewe, ya kudumu, au niiache gari ilivyo?

Mkwajuni86
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina Toyota GT86 ya 2013, imeshushwa kidogo kwa springi, bampa bado ni la kiwandani. Mjini haina tatizo. Lakini huku Unguja nikitoka Tunguu kuelekea Paje, pale barabara inaponyooka na mimi nimekwenda kwenye 100 na ushei (trafiki msinisome), usukani unakuwa mwepesi, gari inataka kuelea mbele. Naona nina njia tatu. Moja, lipu (ukingo unaoongezwa chini ya bampa) ya faiba ya kudumu, yupo fundi bodi huku mjini anazichonga. Mbili, kiti ya mota (seti ya spoila na mota zake) kutoka China, unabonyeza kitufe inashuka, unabonyeza tena inapanda. Nimeipenda hii kwa sababu ya matuta. Tatu, niache. Waliojaribu waseme.

UstadhHesabu
Waalaykum salaam. Kabla hujatoa pesa, tuangalie kwanza hewa inafanya nini hapo mbele. Gari ikiikata hewa, nyengine inapita juu ya boneti na paa, nyengine inajipenyeza chini ya bampa. Ile ya juu inapanda mgongo wa gari kwa kasi, mgandamizo wake unashuka, na gari inavutwa juu. Ile ya chini inajikusanya kwenye injini na kwenye matundu ya matairi ya mbele, nayo inasukuma juu. Spoila ya mbele inapambana na hii ya chini: inapunguza inayoingia, na nyuma ya ukingo wake mgandamizo unakuwa mdogo, basi pua inavutwa chini.

Ila nguvu hiyo inafuata mraba wa kasi. Kasi mara mbili, nguvu mara nne. Chukua Porsche 911 Turbo iliyotoka 2013, ile ya kizazi kinachoitwa 991. Kiwanda kilitaja hadi kilo 132 za kukandamiza chini ikiwa kwenye 300 kwa saa, spoila ya mbele na bawa la nyuma vyote vimetoka. Shuka mpaka 150, zimebaki 33. Kwenye 100 ni kama 15, mbele na nyuma kwa pamoja. Kwenye 80 hazifiki 10. Gari yako ina kilo 1,200 na kitu. Kilo 15 ni mfuko wa mchele kwenye buti. Hebu niambie unausikia kwenye usukani?

MwanaMaskati
Ustadh, hesabu nzuri, ila umeanzia sifuri. Gari isiyo na spoila haianzi kwenye sifuri, inaanzia kwenye kunyanyuka. Nyingi za kawaida zikienda kasi zinapunguza uzito juu ya matairi. Kwa hiyo faida ya spoila ni kile ilichokandamiza *pamoja na* kile ilichozuia kisinyanyuke.

Mie nipo Muscat, na hiyo 991 Turbo naijua kwa kuikalia, ni ya shemeji yangu. Nikuelezeni ilivyo kwa karibu, maana wengi wanadhani ni plastiki inayoshushwa na mota. Siyo. Ni mpira, vipande vitatu chini ya bampa, vinajazwa upepo. Umesimama kwenye maegesho, unabonyeza kile kitufe cha spoila kati ya viti, unasikia pampu inanguruma kidogo, kisha ukingo mweusi unatokeza chini ya pua. Ukiugusa kwa kidole unabonyea. Bawa la nyuma nalo linanyanyuka na kuinama.

Ina hatua tatu. Gari ikiwa ya polepole, vyote vimejificha, unapanda ngazi ya maegesho bila kukwaruza. Ikifika 120 vipande viwili vya pembeni vinatoka, hewa inasukumwa ubavuni, na bawa la nyuma linapanda milimita 25. Hatua ya tatu unaiomba mwenyewe: vipande vyote vitatu, bawa milimita 75 na kuinama digrii 7. Huku kikomo cha barabara kuu ni 120, kwa hiyo ile ya tatu ni ya kuwaonesha watoto wa jirani.

Na kwa nini 911 hasa? Injini ipo nyuma, pua nyepesi. Gari ya namna hiyo ikipoteza uzito mbele kwenye kasi, unazungusha usukani na jibu linachelewa.

BoksaWete
Yakhe, mie Pemba huku na Subaru Impreza yangu nashangaa tu. Chake mpaka Wete kona na vilima vitupu, hiyo 120 utaipata wapi? Na nyie wa Unguja, ukifika Jozani kuna matuta yale waliyowekewa kima punju wasigongwe, lipu ya kudumu itabaki pale na kima wataichezea. Mie nasema namba tatu, aache. Lakini swali la haki: hii ya kujitoa ni kitu kipya? Kama ni mpya basi bado majaribio.

MwanaMaskati
Si mpya hata kidogo. Nissan Skyline R31 ilikuwa na spoila ya mbele inayojishusha tangu 1986. Mitsubishi GTO, iliyouzwa nchi nyengine kwa jina la 3000GT, ilitoka 1990, na toleo lake la juu lilikuwa nayo mbele na nyuma: ikifika 80 ukingo wa mbele unashuka na bawa la nyuma linabadilisha mwelekeo, ikipungua chini ya 50 vyote vinarudi. Gari ya Kijapani ya miaka 30 na zaidi. Ukimpata nayo mtu leo, muulize kwanza kama mota zinafanya kazi.

Angalia lakini walichofanya wote hao, Porsche na Mitsubishi: mbele haitoki peke yake. Nyuma inakwenda nayo.

UstadhHesabu
Hapo ndipo penyewe, na ndipo kiti ya China inaponitia wasiwasi. Watu wanaiuliza spoila "inaongeza kilo ngapi" wakati suala la utulivu ni kilo hizo *zimekaa wapi*. Gari inakwenda sawa kwenye kasi pale matairi ya nyuma yanaposhika vizuri kuliko ya mbele, au angalau sawa nayo kwa kiasi cha mzigo wake. Ukikandamiza pua peke yake, usukani unakuwa mkali, unaona raha, ushindi. Siku umeingia kona ndefu umeachia mafuta ghafla au umekanyaga breki, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma imebaki nyepesi, na pale mkia unakuja kukuuliza hali.

Audi walipata somo hilo hadharani. TT ya kwanza ilitoka 1998, umbo zuri la duara, nyuma haina kitu. Zikatokea ajali za kasi kubwa kwenye barabara kuu za Ujerumani, kampuni ikaziita gari zirudi, zikawekwa spoila ndogo ya nyuma, mfumo wa umeme wa kuzuia kuteleza, na marekebisho ya springi na shokapu. Mbele ya gari ile haikuwa na lawama. Na upande wa pili wa kosa hilo hilo ni Mercedes CLR kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, 1999: pua ilipata hewa chini, ikanyanyuka, gari ikapaa na kupinduka. Dereva Mark Webber yalimkuta mara mbili kabla ya mbio, mwenzake Peter Dumbreck kwenye mbio zenyewe. Wote wawili walitoka salama. Ile ni gari ya mashindano kwenye kasi ambayo sisi hatutaiona, lakini sheria ya hewa ni moja.

Kwa hiyo spoila ya kujitoa ya kiwandani inauzwa kwa mtu anayevuka 150 na 200 mara kwa mara, na thamani yake ni kwamba kompyuta moja inazipanga mbele na nyuma pamoja. 911 ya baada yake, 992 Turbo S, ikipata breki ya dharura inatoa vyote viwili kwa wakati mmoja ili gari isipige mbizi na mkia usilegee. Kitufe chako cha dukani hakijui kama umekanyaga breki.

Mkwajuni86
Ustadh umenitisha. Basi ile ya kudumu je? Nayo inakandamiza pua peke yake, bawa nyuma sina.

UstadhHesabu
Lipu ya kawaida ya sentimita chache, kwa kasi zako, haiwezi kukupindua. Haina nguvu hiyo. Na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi pia kukuponya huo wepesi wa usukani.

FundiBodi_Amani
Naomba niingie maana mnazungumza kazi yangu. Nimefunga lipu nyingi, na nyingi nimezifunga tena baada ya tuta. Faiba inapendeza siku ya kwanza. Ikigonga haibonyei, inapasuka, na ikipasuka pale kwenye skrubu inang'oka na kipande cha bampa. GT86 ya kiwandani ina kama sentimita 13 kutoka chini, yako umeshaishusha, ukiongeza lipu ya sentimita tano hata geti la nyumbani litakuwa mtihani. Kama lazima, weka ya mpira au plastiki laini. Inakwaruza, inarudi.

Kiti ya mota nimeifungua moja. Mota mbili ndogo, moja kila upande, waya zinapita chini ya bampa bila ganda la maana. Gari yenyewe ilikuwa inalala Nungwi karibu na pwani. Chumvi imeshaingia kwenye soketi, upande mmoja unashuka, mwengine umekwama. Sasa jiulize kwenye 110 upande mmoja upo chini na mwengine juu gari inakwenda vipi. Pengine husikii kitu, kama anavyosema Ustadh, nguvu ni ndogo. Lakini ukigonga tuta ile iliyoshuka imekwenda.

Swali langu kwa mwenye uzi: kava la chini ya injini lipo?

DadaSukani
Fundi Allah akupe umri mrefu, nilikuwa nangojea nani atauliza. Gari zinatoka Japani na makava yake kamili, zikifika huku, siku ya kwanza ya kumwaga oili kijana wa gereji anafungua kava, klipu mbili zinavunjika, analiweka pembeni, na maisha yanaendelea. Ile plastiki si ya kuzuia vumbi tu. Bila yake hewa inayoingia chini inakwenda kujigonga kwenye injini, sabfremu (fremu ndogo inayobeba injini) na gia, badala ya kuteleza kwenda nyuma. Mtu anatoa laki kadhaa kununua lipu ya kuzuia hewa isiingie chini, na chini ameacha shimo.

Na kabla ya hewa kuna matairi. Nimefanya kazi ya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa matairi, naijua gari ya "usukani mwepesi kwenye 100" inaletwa na nini: imeshushwa springi halafu haikupimwa tena. Ukiishusha, matairi ya mbele yanabadilisha mkao, yanatazamana ndani au nje kuliko yalivyopangwa. Yakitazama nje hata kidogo, gari inatafutatafuta njia yenyewe kwenye sehemu iliyonyooka, na dereva anasema inaelea. Ongeza bushi (mipira ya viungo vya chini) zilizochoka, bolujointi (kiungo cha gurudumu) yenye uchezaji, tairi la miaka minane lililokauka, upepo umejazwa kwa macho. Hakuna spoila duniani inayorekebisha hayo. Na kusi likivuma ubavuni huko Paje ni hesabu nyengine kabisa, hilo linasukuma gari zima, si pua.

Mkwajuni, ulipima alaimenti baada ya kushusha? Jibu bila kona.

BoksaWete
Dada kamtia kwenye kumi na nane 😂

Mkwajuni86
Sikupima. Aliyeniwekea springi alisema "iko sawa, nenda". Na nimetoka nje sasa hivi na tochi nikainama chini: kava la mbele halipo, limebaki lile dogo la pembeni upande wa kulia linaning'inia kwa klipu moja. Matairi ya mbele yameliwa ndani, nimepitisha kiganja nimesikia.

DadaSukani
Ndani ndiko kunakoliwa ukishusha gari ukaacha kupima. Badilisha hayo mawili, au ukiweza yote manne, usichanganye mapya mbele na makavu nyuma kwenye gari inayosukuma nyuma. Halafu alaimenti ya magurudumu yote, si ya mbele peke yake, mwambie akuoneshe namba za kabla na za baada kwenye skrini. Kisha endesha ile ile barabara, kasi ile ile. Ukiona bado inaelea rudi hapa tuzungumze spoila.

MwanaMaskati
Nakubali kila neno, na mimi ndiye mpenzi wa spoila humu. Shemeji yangu anapokuja Unguja anaendesha Noah ya mama yake na hajawahi kulalamika pua.

Mkwajuni86
Kava la GT86 nitalipata wapi? Dukani nimeulizia bampa tu, kava wananicheka.

FundiBodi_Amani
Agiza na la Subaru BRZ, ni gari moja na yako, linakaa. Usinunue lililotobolewa. Likichelewa, njoo tukate shiti ya alumini ya milimita moja na nusu, tuifunge kwenye matundu ya asili, tuache mlango mdogo wa boliti ya oili na mwengine wa filta. Skrubu ziwe za stenlesi, hizi za kawaida kwa chumvi yetu mwaka haumaliziki zimeshashikana. Na usilete faiba.