Fundi anataka kushusha silinda hedi bila kupima: naomba ushauri

Wakuu, injini ni ya petroli, silinda 4. Temperecha inapanda kwenye foleni tu. Gari likikimbia 80 sindano inarudi katikati. Maji yanapungua kama nusu lita kwa wiki. Fundi kafungua mfuniko wa rejeta, kachungulia, kasema gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya kifuniko cha juu cha injini na bloku) imeungua. Kipimo hata kimoja hakuna!

Dalili za gasketi kuungua sizioni: oili haijawa kama chai ya maziwa, injini ikishapata moto haitoi moshi mweupe, misi (silinda kuruka kuwaka) hakuna, na mpira wa juu wa rejeta haukakamai injini ikiwashwa ya baridi. Kuchemka kwenye foleni pekee kunanifanya nishuku feni ya rejeta au rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha). Maji nadhani yanapotelea kwenye mfuniko wenye springi iliyolegea, au wota pampu.

Nataka nianze na feni, kisha rejeta ijazwe presha ya bar 1 kwa dakika 15 kuona kama inavuja, mwisho ile kemikali ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi. Je, kemikali ikibaki bluu inatosha kukataa hedi isishushwe, au lazima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ipimwe silinda zote 4?