Tupeane uzoefu: mlihosti wapi, mlilipaje, na pesa iliishia wapi

Mpwa_wa_Shangazi
Wakuu, salamu. Shangazi yangu anauza vitambaa Eastleigh. Kuna kijana amemwahidi tovuti, kuhosti (yaani kuiweka kwenye seva, kompyuta ya kampuni inayoionyesha mtandaoni) na barua pepe za biashara, yote kwa malipo ya mara moja tu, "milele". Pesa itumwe kwa simu ya huyo kijana. Hilo neno milele limeninyima usingizi. Najua humu wengi mmepitia. Bei ya haki ni gani, na mnalipa kwa njia gani pesa isipotee?

Mkaazi_Umoja
Milele hakuna. Domeini, yaani jina la tovuti, hulipiwa kwa mwaka, ukiacha kulipa inaondoka. Ya .co.ke ni kama elfu moja hivi kwa mwaka, inategemea unachukua kwa nani. Mtu asiyekutajia tarehe ya kulipa tena, mwogope.

MamaMahema
Mpwa, umenikumbusha kitu nilichokuwa nimekifungia kabisa.

Mimi nakodisha mahema, viti na vyombo vya muziki huku Kayole. Tovuti tulitengenezewa na kijana mpole, mwenye adabu, alikuwa anakuja mpaka tunakunywa chai pamoja. Kila Januari ananiambia, "Mama, muda umefika." Natuma kwa simu yake, ananijibu, "Imeingia, asante mama." Risiti hakuwahi kunipa, wala hakunitajia kampuni tunayohosti. Nikimuuliza anasema hayo ni mambo ya mitambo, mama usijichoshe. Kisha akapata kazi Qatar, na ile laini ikawa haipatikani.

Sasa sikilizeni. Tulikuwa ukumbi wa kanisa, kamati ya mazishi ya mzee mmoja anayeheshimika sana mtaani kwetu. Ukumbi umejaa, wazee wa kanisa wako pale, mchungaji yuko pale. Mwenyekiti akataka watu waone mahema kabla ya kupitisha bajeti, wakaunganisha laptopu na projekta. Nikamtajia anwani herufi kwa herufi. Ukutani ikatokea kamari! Rangi nyekundu na dhahabu, gurudumu linazunguka, msichana nusu uchi anawaita watu waweke pesa, na pale juu kwenye anwani ni jina la biashara yangu, ambalo ni jina la marehemu mama yangu. Kabla hatujapumua muziki ukaanza, tena kupitia spika za kanisa. Kijana wa mitambo anatafuta pa kuzimia hapaoni. Mchungaji ameinamisha kichwa. Na mjane amekaa mstari wa mbele kabisa.

Kazi ile hatukuipata. Kesho yake nikaenda mjini kwa mtu wa kompyuta, akaangalia kumbukumbu za umiliki. Miaka yote ile domeini ilikuwa ya yule kijana, imeandikwa kwa barua pepe yake. Haikulipiwa, muda wa kuiokoa ukapita, ikaachiliwa, na mtu asiyejulikana akaidaka kwa sababu wateja wangu walikuwa bado wanaitembelea. Nikaambiwa naweza kuinunua tena kwa dola. Nilikataa. Sikuwa tayari kumlipa mtu aliyeweka kamari juu ya jina la mama yangu.

Binti_Pangani
Mpaka spika za kanisa? Jamani, jamani. Pole sana mama.

Mkaazi_Umoja
Na mjane alisemaje?

MamaMahema
Alinifuata nje, akanishika mkono akasema, "Najua si wewe." Lakini kamati ilikuwa imeshachukua mtu mwingine.

Mzee_Burma
Huyo mama ni mtu wa heshima. Mungu amtunze.

Fundi_Luthuli
Mama, pole kutoka moyoni. Ila naomba mafundi tusipakwe matope sote. Ukimwambia mteja afungue akaunti yake mwenyewe anasema, "Fanya wewe, mimi niko sokoni." Ukimwambia alipe anasema mwisho wa mwezi. Mimi nimelipia domeini za watu kutoka mfukoni mwangu na wengine mpaka leo hawajanirudishia. Ndiyo maana inaandikwa jina langu.

Mkaazi_Umoja
Anayekudai na anayekumiliki ni watu wawili tofauti. Mdai pesa yako, jina muachie mwenyewe.

Fundi_Luthuli
Ndugu, wewe unaongea ukiwa na mshahara. Njoo ukae kibandani kwangu wiki moja.

Mkaazi_Umoja
Mshahara gani? Mimi nauza vipuri Kirinyaga Road. Na mwenye duka langu hajawahi kuandika leseni yangu kwa jina lake eti kwa sababu nimechelewesha kodi.

Fundi_Luthuli
Kwa hivyo nimekuwa mwizi?

Mzee_Burma
Vijana, punguzeni moto. Fundi, wewe una ujuzi ambao shangazi wa mtu anauhitaji leo. Mweleze mpwa afanyeje.

Fundi_Luthuli
Sawa mzee, kwa heshima yako.

Mpwa, keti na shangazi, mfungue akaunti kwa barua pepe yake na nambari yake, si ya fundi. Paswadi aiandike kwenye daftari lake. Fundi apewe nafasi ya kuingia na kufanya kazi, asipewe umiliki. Kama anachukua jina la Kenya, KeNIC ndiyo yenye sajili ya .ke yote, lakini unanunua kupitia kampuni walizoziidhinisha. Orodha iko kwenye tovuti yao, na ukiandika jina la domeini hapo unaona imesajiliwa kupitia nani na inaisha lini. Fanya hivyo siku ile ile umelipa, kabla hujamwambia fundi asante.

Kama ni .com na imepita tarehe, usikate tamaa haraka. Kampuni nyingi hukupa siku kadhaa za kulipa bei ya kawaida. Baada ya hapo kuna siku 30 za kuikomboa kwa bei kubwa zaidi, halafu siku 5 za mwisho ambazo hakuna mtu anayeweza kuigusa, ndipo inaachiliwa kwa yeyote. Mama Mahema angepata mtu wa kumwambia ndani ya hizo siku 30, huenda jina la mama yake lingerudi.

Jambo jingine, domeini na kuhosti si lazima zikae kwa kampuni moja. Mimi wateja wangu nawatenganishia. Kampuni ya kuhosti ikileta shida unahamisha tovuti tu, jina linabaki mkononi mwako.

MamaMahema
Fundi, asante. Laiti ningekupata wewe wakati ule. Hilo la siku 30 hakuna aliyewahi kuniambia.

Binti_Pangani
Na malipo sasa? Mimi huwa nasema kadi ya benki tu. Kampuni isipokupa huduma unaenda benki unapinga malipo, kuna utaratibu wake wa Visa na Mastercard. M-Pesa ukishatuma umetuma.

Mzee_Burma
Hapana binti yangu. M-Pesa tunaitumia tangu 2007, na wezi wengi niliosikia waliingia kupitia kadi. Kadi ukishaiacha kwenye tovuti fulani, namba zako ziko huko.

Binti_Pangani
Mzee, kwa heshima, nambari ya mtu binafsi na Paybill, ile nambari ya malipo ya kampuni, haziko sawa.

Karani_Mlolongo
Naunga mkono hapo. Mwaka jana kampuni moja ndogo ilichukua pesa yangu ya mwaka mzima ya kuhosti, seva ikafa baada ya muda mfupi, simu hawashiki. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa M-Pesa wenye jina la biashara kwa sababu nililipa kwa Paybill yao, na ankara waliyonitumia kwa barua pepe. Nikatafuta usajili wao kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikapata biashara iko kweli. Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Inachukua madai hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nilipowapelekea tu hati za madai wakanipigia wenyewe, tukamalizana. Sasa niambieni, kama ningetuma kwa simu ya mtu aitwaye labda Kevo, ningemshtaki nani?

Mkaazi_Umoja
Hiyo mahakama ya madai madogo sikujua kama ipo. Asante karani.

Dada_Ngong_Road
Mimi kilio changu ni dola. Nilichukua kampuni ya ng'ambo kwa sababu ya ile bei ya mwaka wa kwanza, ya kushangaza. Hawakuandika kwa herufi kubwa kwamba mwaka wa pili bei inapanda mara kadhaa. Na ilipofika kujilipa yenyewe kwenye kadi ilikuwa Januari 2024, wakati dola moja iligonga kama shilingi 160. Nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi, naweka vitu kwenye kaunta, kadi ikakataa. Pesa ya chakula cha watoto ilikuwa imeenda asubuhi ile. Nilirudisha unga na maziwa watu wakiniangalia.

Angalieni bei ya kulipia tena, si ya kuanzia. Na muulize kama VAT ya asilimia 16 imo ndani. Mimi sasa natumia GlobalPay ya M-Pesa, ile kadi ya Visa isiyoshikika iliyoletwa 2022. Ninaweka kwenye M-Pesa kiasi cha malipo tu, nikimaliza hakuna cha kuvutwa. Na kujilipa kwenyewe nimezima kote.

Fundi_Luthuli
Dada, hapo unanitisha. Ukizima kujilipa na ukasahau, ni yale ya Mama Mahema. Domeini iache ijilipe. Zima ya kuhosti ukitaka.

Dada_Ngong_Road
Sitaiacha. Nimeweka kengele kwenye simu, na dada yangu naye ameweka kwenye yake.

Mzee_Burma
Mimi nalipa domeini miaka mitano kwa mkupuo, nikalala.

Binti_Pangani
Domeini sawa mzee. Lakini kuhosti mtu asilipe miaka mitano kwa kampuni asiyoijua! Anza na mwezi, uone wanashika simu usiku au la.

Eng_Mombasa_Road
Nasoma kimya tangu mwanzo, acha niseme upande wa seva. Muulize seva iko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tovuti zilizohostiwa Ulaya zilikuwa zinajikokota hapa mjini. Zilizohostiwa Nairobi zilifunguka vizuri, kwa sababu mitandao yetu inabadilishana data hapa hapa kupitia KIXP, haina haja ya kuvuka bahari. Shangazi ambaye wateja wake wako Eastleigh na South B, seva ya Nairobi inamfaa.

Binti_Pangani
Na kama anauzia Wasomali walioko Minneapolis? Vitambaa vya Eastleigh vinakwenda mbali.

Eng_Mombasa_Road
Hapo aweke Cloudflare mbele, huduma inayoweka nakala za kurasa karibu na wateja popote walipo, kifurushi cha bure kinatosha kuanzia. Pia asilipie ile kufuli ya usalama inayoonekana kwenye anwani. Let's Encrypt wanatoa cheti bure, na kampuni nyingi zinakiweka zenyewe. Akitozwa maelfu kwa hilo, aulize analipia nini hasa.

Na nakala. Narudia, nakala. Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua moto, na kuna watu walipoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa papo hapo. Hiyo ni kampuni kubwa. Kila mwezi shusha tovuti yako yote, iweke kwenye diski nyumbani.

Mkaazi_Umoja
Wengine tuna picha nane na nambari ya simu. Kwa nini tulipe? Ukurasa mdogo hivyo unakaa bure GitHub Pages, huduma ya kuhosti kurasa rahisi, unalipia domeini peke yake. Mimi niko hivyo na wateja wa vipuri wananipata.

Fundi_Luthuli
Hapo umesema kweli, tena ni mimi fundi nasema.

Binti_Pangani
Mtu asisahau barua pepe za uongo. "Domeini yako inaisha leo, lipa hapa." Shemeji yangu ilimfikia na nembo, jina lake, kila kitu. Usibonyeze. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uangalie tarehe.

Mama_Wawili_Kasarani
Na ikija kwa simu? Mimi nilipigiwa.

Binti_Pangani
Kata. Piga nambari iliyo kwenye ankara yako ya zamani. Na kama umeshatuma M-Pesa, peleka ule ujumbe 456 hapo hapo, kabla hajatoa. Akishatoa, umechelewa.

Mpwa_wa_Shangazi
Wakuu, nawashukuru. Nimemsomea shangazi stori ya Mama Mahema, amekaa kimya kisha amesema huyo kijana asipewe hata shilingi. Tumeshafungua barua pepe ya shangazi sasa hivi, kesho tunachukua .co.ke kwa jina lake. Swali la mwisho: mhasibu wake anataka ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki, kwa ajili ya KRA, watu wa kodi. Kampuni ndogo za kuhosti zinatoa?

Karani_Mlolongo
Iliyosajiliwa hapa inatakiwa kutoa. Ila uliza kabla hujalipa, wakutumie jibu kwa maandishi.

MamaMahema
Mpwa, na mwambie shangazi akihitaji hema la kufungulia duka, namkodishia kwa bei ya dada.