Naomba ushauri: slagi zipi kwa mtutu upi?

Habari zenu wakuu. Nina shotigani ya geji 12 yenye mitutu miwili ya kubadilisha: mmoja laini ndani, mwingine una mifuo (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi). Slagi (risasi moja nzima badala ya chembe nyingi) za saboti, yaani zenye ganda la plastiki linaloishika risasi, kwenye mtutu wa mifuo zinakaa pamoja vizuri. Kwenye ule laini, mita 50 tu zilitawanyika, na tundu moja kwenye karatasi lilikuwa refu kama la ufunguo. Risasi ilifika kiubavu. Nikajaribu za Foster (slagi za madini ya risasi zisizo na ganda, za mtutu laini) kwenye mifuo: shabaha nzuri, ila baada ya 10 mifuo ilijaa utando wa kijivu wa madini ya risasi, kuusugua ni kazi kweli.

Foster kwenye mtutu laini nitumie choki (kibano cha mdomo wa mtutu) iliyo wazi kabisa au iliyobana kidogo? Na nikiendelea kuzipiga kwenye mifuo, mtutu utaharibika au ni suala la usafi tu?